Mtumiaji kasema mfano wako haufanyi kazi: dalili, chanzo na jinsi ya kurekebisha

Ukikaa kwenye dokumentesheni ya programu huria za mfumo, yaani hizi systemd (inayoendesha huduma), sshd (ya kuingia seva kwa mbali), nginx (seva ya wavuti), cron (ya kazi za ratiba), zana za diski na za mtandao, kuna jambo utaliona mapema sana: watu hawaanzi na maelezo. Wanashuka moja kwa moja mpaka kwenye kile kiboksi cha kijivu chenye amri, wanakopi, wanapesti, wanabonyeza enter. Na wana haki kabisa, mtu seva yake imelala saa tisa usiku hawezi kukaa asome aya sita za utangulizi. Kwa hiyo kwangu mimi mfano ndo dokumentesheni yenyewe, maelezo yanausindikiza tu, na mfano wenye kosa ni bagi kama bagi nyingine yoyote, unastahili ripoti, kutafutwa chanzo, kurekebishwa na kuwekewa testi.

Hapa nimepanga malalamiko jinsi yanavyomfikia anayeandika, afu kwa kila moja nasema uangalie wapi kwenye mfano wako. Mengi hayahitaji kugusa kodi ya programu hata mstari mmoja.

Kabla hujaanza kubahatisha muombe aliyeripoti vitu vitatu: amri yenyewe kama ilivyo kwenye terminali yake (sio anavyoikumbuka), majibu yote yaliyotoka, na `cat /etc/os-release` pamoja na jina la sheli yake (programu inayosoma amri zake, kama bash au zsh), `echo $0` inatosha. Akikutumia picha muombe maandishi, maana makosa mengi ya hapa chini hayaonekani kwa macho, herufi mbili zinafanana kabisa kwenye skrini lakini kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti.

## "Inasema command not found na programu nimeshaiweka"

Angalia kwanza ni neno gani ambalo halikupatikana. Kama ni `$: command not found` basi umeweka alama ya dola mwanzo wa mstari kuonyesha hapa ni terminali, na msomaji kaikopi nayo. Wewe unajua ile dola sio sehemu ya amri, mtu aliyefungua terminali wiki hii hajui. Dawa ni kuitoa. Kuna wanaoitetea kwa sababu inasaidia kutenganisha amri na majibu yake, hoja hiyo naielewa, lakini kutenganisha kunafanyika vizuri zaidi kwa kuweka viboksi viwili, kimoja cha amri peke yake na kingine cha majibu. Ukichanganya, kitufe cha kukopi kinabeba vyote na majibu nayo yanakimbizwa kama amri.

Kama neno linaonekana sahihi kabisa na bado halipatikani, shuku nafasi. Kuna nafasi ya kawaida na kuna ile nafasi isiyokatika ambayo programu za kuandikia barua na kurasa za wavuti huiingiza zenyewe, sheli haiihesabu kama kitenganishi, kwa hiyo `ls -l` inakuwa neno moja refu ambalo hakuna programu yenye jina hilo. Pitisha faili kwenye `cat -A`, nafasi ya aina hiyo itaonekana kama `M-BM-` na kistari kirefu kama `M-bM-^@M-^S`. Ukitaka kukagua mwongozo mzima kwa mara moja:

```
grep -nP '[^\x00-\x7F]' mwongozo.md
```

Inatoa kila mstari wenye herufi iliyo nje ya ASCII, yaani nje ya herufi na alama za msingi za kibodi ya Kiingereza. Kwenye maelezo ya kawaida hiyo sio shida, ndani ya kiboksi cha amri karibu kila mara ni kosa.

## "Nimefuata hatua zote, hakuna kosa lolote, na hakuna kilichobadilika"

Hii ndo mbaya kuliko zote kwa sababu haina ujumbe wa kukuanzishia. Niliwahi kuhangaika siku mbili na mtu mmoja wa namna hii, anaapa amekimbiza kila amri na hakuna kosa lililotoka, na kumbe alikuwa anasema kweli tupu. Mwongozo ulikuwa unaanza mistari yake na `#`, ule utaratibu wa zamani wa kuonyesha kwamba hapa uwe root, msimamizi mkuu wa mashine. Sasa kwenye bash alama hiyo mwanzo wa mstari ni maoni, sheli inaruka mstari wote kimyakimya. Mtu anapesti amri nane, zote zinarukwa, terminali inarudi safi bila neno. Kwenye zsh ukiiandika moja kwa moja kwa kawaida utapata `command not found: #`, angalau hapo unajua kuna kitu.

Toa `#`, weka `sudo` (inayokimbiza amri kama root) kwenye kila amri inayoihitaji, na kama mradi wenu unahudumia mifumo isiyokuwa na sudo basi andika sentensi moja juu ya kiboksi kwamba amri hizi zinakimbizwa ukiwa root. Sentensi, sio alama.

Chanzo cha pili cha ukimya huu ni kiboksi chenye amri nyingi ambazo moja yao inasimama katikati kuuliza kitu. `apt install` inauliza uendelee au la, na mstari unaofuata kwenye kile ulichopesti unamezwa kama jibu. Vivyo hivyo kiboksi chenye `ssh` au `su -` katikati, mistari ya chini inaishia kwenye sheli ambayo hukuikusudia. Kila amri inayouliza swali ikae kwenye kiboksi chake, au ipewe opsheni ya kutouliza kama `-y` pale ambapo ni salama kweli.

## "Opsheni yako haitambuliki"

Ujumbe unakuwa kama `ls: cannot access '–all': No such file or directory`. Ukiangalia kwa makini vile vistari viwili vimegeuka kimoja kirefu. Mara nyingi ni zana ya kutengeneza kurasa ndo imefanya hivyo kwa nia nzuri ya kupendezesha maandishi, Sphinx kwa mfano ina mpangilio wa `smartquotes` ambao huwa umewashwa tangu mwanzo, unageuza alama za kunukuu na vistari kwenye maandishi ya kawaida. Ndani ya kiboksi cha kodi haugusi. Kwa hiyo ukiona hivi maana yake amri imeandikwa ndani ya sentensi bila kuwekewa alama ya kodi, au mtu ameipitisha kwenye programu ya kuandikia barua kabla ya kuileta.

Wanaoandika kurasa za `man` wana mtego wao tofauti. Kwenye roff, lugha inayoandikiwa kurasa hizo, kistari kitupu `-` na kistari chenye mkwaju `\-` ni vitu viwili: cha kwanza ni kiunganishi cha maneno, cha pili ndo kile kinachochapwa kwenye kibodi. Miaka mingi kwenye terminali vyote vilionekana sawa, watu wakazoea uvivu, mpaka groff 1.23.0, programu inayozionyesha kurasa hizo, ilipotoka Julai 2023 ikaanza kutoa kistari kitupu kama herufi ya Unicode U+2010, na ghafla amri zilizokopiwa kutoka `man` zikagoma na hata kutafuta opsheni ndani ya ukurasa kukawa hakupati kitu. Debian na wengine wakaweka kiraka cha kurudisha tabia ya zamani, kwa hiyo kwako inaweza isionekane kabisa wakati msomaji wa distro nyingine analia. Usitegemee kiraka, andika `\-` kwenye kila opsheni.

## "Inatafuta faili ambalo sijalitaja popote"

Mfano unasema `ssh <user>@<host> uptime` na msomaji anajibiwa `bash: user: No such file or directory`. Mabano hayo ya pembe kwa sheli ni maagizo ya kuelekeza faili, `<user` maana yake soma kutoka faili linaloitwa user. Na afadhali lisipokuwepo, maana likiwepo sheli itaendelea mbele na inaweza kuandika juu ya faili jingine kwa sababu ya ile `>` inayofuata.

Ukweli ni kwamba mabano ya pembe yana kazi yake kwenye sehemu ya muhtasari wa amri, pale unapoonyesha umbo tu, Git na wengine wengi wanayatumia hivyo na hakuna ubaya. Kwenye mfano wa kukimbizwa weka thamani kamili inayoonekana ni ya kubadilishwa, mfano `ssh asha@seva1.example.com`, afu mstari mmoja chini useme badilisha `asha` na `seva1.example.com`. Vikiwa vingi, anza kiboksi na vigeuzi:

```
MTUMIAJI=asha
SEVA=seva1.example.com
ssh "$MTUMIAJI@$SEVA"
```

Msomaji anabadilisha mistari miwili ya juu, iliyobaki anaipesti bila kuigusa. Mwongozo wenye amri kumi zinazorudia jina lilelile la seva bila kufanya hivi lazima mtu atabadilisha sehemu tisa na kusahau moja.

Kwenye hilo jina la seva, usibuni jina lako. RFC 2606 ya Juni 1999 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) ilitenga example.com, example.net na example.org kwa kazi hii hii, pamoja na vikoa vya juu kama `.test` na `.invalid`. Anwani za IP nazo zipo, RFC 5737 ya Januari 2010 ilitenga 192.0.2.0/24, 198.51.100.0/24 na 203.0.113.0/24, na IPv6 ni 2001:db8::/32 tangu RFC 3849 ya 2004. Ukiweka kikoa ulichobuni kina mwenyewe, au kitapata mwenyewe mwaka kesho, na seva za wasomaji wako zitakuwa zinampelekea maombi bila yeye kujua yametoka wapi. Anwani ya 1.1.1.1 ilitumika hovyo hivyo kwenye mifano na hata ndani ya vifaa vya mtandao, mpaka APNIC, shirika linalogawa anwani za IP Asia na Pasifiki, na Cloudflare walipoifungua rasmi kama huduma ya DNS tarehe 1 Aprili 2018 ilikuwa inapokea takataka nyingi mno, na kuna watumiaji ambao hawakuweza kuifikia kwa sababu kifaa chao chenyewe kilishajipa anwani hiyo.

## "Nimeweka sudo bado Permission denied"

Fupi tu hii. Mfano ni `sudo echo 'kitu' > /etc/faili`, na anayefungua lile faili ni sheli ya mtumiaji kabla sudo haijaanza kazi. Andika `echo 'kitu' | sudo tee /etc/faili`, ukitaka kuongeza bila kufuta weka `tee -a`.

## "Konfigi nimeiweka ila programu haiitii"

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu ambayo waandishi wengi wa mifano tunaumiza watu. Amri ikikosea inapiga kelele, faili la usanidi likikosea linaweza kukaa pale wiki nzima limenyamaza.

Chukua sshd. Mwongozo unasema "ongeza mstari huu mwishoni mwa sshd_config", mtu anaongeza, anawasha upya huduma, na hakuna mabadiliko. Sababu ni kwamba sshd kwa kila neno huchukua thamani ya kwanza inayokutana nayo, sio ya mwisho, na kwenye Debian na Ubuntu faili hilo linaanza na `Include /etc/ssh/sshd_config.d/*.conf`, kwa hiyo faili lolote dogo ndani ya folda hiyo linatangulia. Afu kama chini kabisa kuna kifungu cha `Match`, mstari wake mpya umeingia ndani ya kifungu hicho na unawahusu watumiaji wachache tu au hauwahusu kabisa. Mfano mzuri hapa unamwambia aweke faili lake ndani ya `sshd_config.d` lenye namba ndogo mwanzo wa jina, afu mara moja unafuatwa na `sudo sshd -t` ya kukagua sintaksi na `sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication` ya kuona thamani inayotumika kweli. Hiyo amri ya mwisho peke yake ingekuwa kwenye kila mwongozo wa ssh duniani watu wangelala usingizi.

systemd ina mitego yake mitatu na yote nimeiona kwenye mifano iliyochapishwa. Wa kwanza ni maoni mwisho wa mstari, mwandishi anataka kumsaidia msomaji anaandika `ExecStart=/usr/bin/programu # hapa weka njia yako`, na systemd haina maoni ya katikati ya mstari, ule mkia wote unapelekwa kwa programu kama hoja. Maoni yakae kwenye mstari wake. Wa pili ni kuweka bomba (`|`) au `>` kwenye ExecStart, ile haipiti kwenye sheli, kama unahitaji sheli iite wazi wazi kwa `/bin/sh -c`. Wa tatu ni kubadilisha ExecStart kwa `systemctl edit`, ukiweka mstari mpya bila kufuta wa zamani huduma inakataa ikisema ina ExecStart zaidi ya moja. Lazima mfano uonyeshe mstari mtupu kwanza:

```
[Service]
ExecStart=
ExecStart=/usr/local/bin/programu --konfigi /etc/programu.conf
```

Ule mstari mtupu unaonekana kama kosa la uchapaji, kwa hiyo andika chini yake kwamba ni wa makusudi, la sivyo kuna mtu mwenye nia njema atakuja kuufuta kwenye reviu. Na faili zima lipitishe kwenye `systemd-analyze verify` kabla hujalichapisha.

Malalamiko ya nginx kutoka kwenye mfano wa kuandika faili kwa `cat <<EOF` ni karibu aina moja tu: `invalid number of arguments in "proxy_set_header" directive`. Mwandishi kaweka `$host` ndani ya maandishi, sheli kabla ya kuandika faili imetafuta kigeuzi chenye jina host, haikukiona, ikaweka utupu. Andika `<<'EOF'` na alama za kunukuu na kila kitu kitaandikwa kama kilivyo. Mfano huu ni hatari hasa ukitumia kigeuzi ambacho kipo kweli kwenye mazingira ya msomaji, maana hapo faili linapita ukaguzi likiwa na thamani ambayo sio yake.

Cron nayo: alama ya asilimia ndani ya crontab inageuzwa kuwa mstari mpya, kwa hiyo `date +%F` inayofanya kazi vizuri kwenye terminali inakatika ndani ya cron, iandike `\%F`. Afu kuna ile safu ya mtumiaji, `/etc/crontab` inayo na `crontab -e` haina, mtu akikopi mstari wa huku kwenda kule atapata `root: not found`. Sema juu ya kila mfano unaenda faili gani. Kwa kweli hii iwe kanuni kwa usanidi wa aina zote, jina la faili na njia yake kamili likae juu ya kiboksi, sio aya mbili nyuma.

YAML, muundo mmojawapo wa mafaili ya usanidi, ni nafasi tu, kitufe cha kukopi kikipoteza nafasi za mwanzo wa mstari maana yote imebadilika, jaribu kukopi mfano wako kutoka kwenye ukurasa uliochapishwa na sio kutoka kwenye faili la chanzo.

## "Kwako inafanya kazi, kwangu haifanyi"

Kuna sababu mbili kubwa. Moja ni sheli na zana tofauti. Skripti inaanza na `#!/bin/sh` afu ndani ina `[[`, kwako labda sh ni bash ila kwenye Debian na Ubuntu ni dash, sheli nyingine ndogo, Ubuntu ilihamia tangu toleo la 6.10 mwaka 2006, na jibu ni `[[: not found`. Ama andika `#!/bin/bash` ama ondoa vitu vya bash, na shellcheck, zana ya kukagua skripti, itakuonyesha vyote kwa dakika moja. `sed -i 's/a/b/' faili` ya GNU inagoma macOS na FreeBSD kwa sababu kule `-i` inataka kiambishi, ukiandika `sed -i.bak` inakubali pande zote na juu ya hapo msomaji anabaki na nakala ya zamani. Na `eth0` bado imejaa kwenye mifano ya mtandao ingawa tangu 2013 systemd inatoa majina ya aina ya `enp3s0`, msomaji anaambiwa `Cannot find device "eth0"` anadhani kadi yake imekufa. Tanguliza `ip -br link` aone jina la kwake.

Sababu ya pili ni mashine yako wewe mwandishi. Umeshajiweka kwenye kundi fulani la watumiaji, una vigeuzi kwenye `.bashrc`, una majina mafupi kwenye `~/.ssh/config`, una paketi ulizoweka miaka mitatu iliyopita ukazisahau. Mfano wako unaegemea vitu hivyo vyote bila kuvitaja. Kimbiza mwongozo mzima kuanzia mstari wa kwanza kwenye kontena au mashine pepe mpya, na ukikosa muda kabisa fungua sheli tupu:

```
env -i bash --noprofile --norc
```

Haiondoi paketi, makundi wala majina ya `~/.ssh/config` lakini inaondoa vigeuzi na vifupisho vyako vya amri (alias).

## "Ilikuwa inafanya kazi zamani"

Mfano unazeeka bila mtu kuugusa. `ssh-keygen` bila opsheni ilikuwa inatengeneza `id_rsa`, tangu OpenSSH 9.5 ya Oktoba 2023 inatengeneza Ed25519, kwa hiyo kila mwongozo unaosema hatua ya pili ni `cat ~/.ssh/id_rsa.pub` umevunjika hapo bila mwandishi wake kufanya kosa lolote siku aliyouandika. `egrep` tangu GNU grep 3.8 ya 2022 inatoa onyo. `docker-compose` yenye kistari, ile ya kwanza, iliacha kupata masasisho Julai 2023.

Dawa ya kwanza ni kutotegemea chaguo-msingi pale ambapo hatua inayofuata inaihitaji, andika `ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/ufunguo_wa_seva` na jina la faili halitabadilika hata toleo likibadilika. Ya pili, andika ulijaribu wapi, "imejaribiwa Debian 12, OpenSSH 9.2", sentensi fupi inayomwokoa msomaji wa baadaye.

Ya tatu ndo naithamini kuliko zote, ni kuufanya mfano ukimbizwe na mashine kila kodi inapobadilika. Python ina doctest tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001, Rust ukikimbiza `cargo test` inakimbiza na mifano iliyo ndani ya maelezo, Go ina vipengele vya Example vinavyolinganisha majibu na maoni ya `// Output:`. Kwa amri za sheli na mafaili ya usanidi hakuna kitu kimoja kinachotumiwa na wote, ila unaweza kuweka mfano kama faili halisi kwenye mradi, testi zikalikimbiza faili hilo, na ukurasa ukalivuta kwa `literalinclude` ya Sphinx au `include` ya Asciidoctor. Hapo hakuna nakala mbili, kinachosomwa ndo kilichojaribiwa. Miradi mingi inasema haina muda wa hili, afu inatumia muda mara tano kujibu swali lilelile, inasikitisha kwa sababu mara nyingi anayejibu ni mtu mmoja anayejitolea baada ya kazi yake.

## "Imefanya kazi" ila matokeo yake ni hasara

Hii haiji kama lalamiko mpaka siku imeshaharibika, itafute mwenyewe.

Tafuta `of=/dev/sda` kwenye mwongozo wako, kwenye mifano ya `dd`, amri inayoandika moja kwa moja juu ya diski. Kwenye mashine nyingi hiyo ndo diski yenye mfumo wenyewe, na kuna mtu ataipesti kama ilivyo. Wengi wanaweka `/dev/sdX` na ni afadhali, lakini nayo ina dalili yake: dd inasema imemaliza vizuri na flashi ni tupu. Ni kwamba `/dev/sdX` haipo, dd ikiwa root imeunda faili la kawaida lenye jina hilo ndani ya `/dev`, na limekaa kwenye kumbukumbu ya RAM. Ongeza `conv=nocreat` na dd itakataa kuunda faili jipya, na kabla yake weka `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL` ili msomaji aone ukubwa wa flashi yake kwa macho.

Tafuta pia paswedi. Mfano wenye `changeme` utakuwa kwenye seva za kweli, chukulia hivyo kama jambo la hakika. Badala ya thamani weka amri inayoitengeneza, `openssl rand -base64 32`, au weka thamani ambayo programu yako inaitambua na kukataa kuwaka. Na `chmod 777`, `curl -k`, `StrictHostKeyChecking no`, kila moja ya hizi iliwekwa kwenye mfano ili mfano uwe mfupi, msomaji hakuambiwa hivyo. Ukilazimika kuziweka maabara, jina la kiboksi liseme ni ya majaribio, na toleo salama likae juu yake, maana watu wanachukua la kwanza kuliona.

## "Sijui kama imekubali"

Mfano hauna majibu. Baada ya kila hatua yenye uzito onyesha kinachotakiwa kuonekana, mistari miwili mitatu tu, na uoneshe ni sehemu gani itatofautiana kwake, namba ya mchakato, saa, jina la mashine. Amri isiyotoa neno ikifaulu, sema hivyo, kwa sababu ukimya unamtisha mgeni na atairudia mara tatu.

Na akisema mfano wenyewe hauoni, muulize kama yuko ndani ya kontena. Imeji za kontena za Debian za slim huondoa kurasa za man na sehemu kubwa ya `/usr/share/doc`, imeji za Ubuntu nazo zimepunguzwa na kurudisha ni kwa amri ya `unminimize`. Kwa hiyo kumwelekeza `/usr/share/doc/programu/examples` peke yake hakutoshi, mfano mmoja ule unaotumika zaidi uweke pia kwenye majibu ya `--help`, hapo utamkuta popote alipo.